Sardini za Papa Mupishi

Papa Mupishi alikuwa na swali moja ambalo kila chakula kilipaswa kulijibu kabla hajakitia mdomoni: je, kinaota? Harage linaota. Muhogo unaota. Kuku huwezi kumpanda, lakini yai lake linatoa kuku mwingine, kwa hiyo naye alimhesabu kuwa amefaulu. Siku moja, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kantini ifunguliwe, alimpokonya mume wangu mkebe mtupu wa sardini aliokuja nao ili muuzaji asimpe wa aina nyingine. Akaupiga vikofi vidogo kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Karani," akauliza, "hii ukipanda leo, utavuna mwezi gani?"

Watu wakacheka hadi mwenye kantini akafungua mlango kabla ya saa, akidhani kuna ugomvi. Mume wangu hakucheka. Yeye alikuwa karani katika shamba la kahawa la mzungu mmoja pale Muheto. Alivaa viatu vyeusi vilivyong'aa hata wakati wa mvua, na alikuwa na mpango na maisha yake. Nitaueleza mpango huo baadaye, kwa sababu Papa Mupishi aliuingizia mkono hadi kwenye kiwiko.

Alikuwa jirani yetu. Ua wa matete tu ulitutenganisha, na ua wenyewe ulikuwa na tundu ambalo kuku wake walilitumia kuja kwetu na mimi nililitumia kwenda kwao. Watu wote walimwita Papa Mupishi, ingawa pale Muheto hapakuwa na mtu aliyewahi kumlipa ili apike. Alikuwa mtu wa msituni, upande wa Walikale, na mke wake alikuwa mwenyeji wa milimani kwetu. Kabla ya kuja kulima, alikuwa amewapikia wazungu miaka mingi. Lile koti jeupe la kazi hiyo, lenye vifungo vya shaba, alikuwa bado analo. Alilivaa kulimia. Mifuko yake ilijaa mbegu, na akikaa kanisani mbegu zilimwagika chini ya benchi, mpaka mwaka mmoja boga likaota nyuma ya sakristia na katekista akashindwa kuamua kama ni la Kanisa ama ni la mtu.

Kwa nini aliacha kuwapikia wazungu? Mimi alinieleza kwamba bibi wa mzungu wake alimfukuza kwa sababu alimzoesha mbwa sombe, majani ya muhogo, na mbwa akakataa nyama. Mume wangu alimwambia kwamba kidole gumba kilichoka kufungua mikebe, akamwonyesha na kovu. Padri alimwambia kwamba aliona vigumu kukosa Misa ya Jumapili. Wale waliomwona Jumapili akinywa pombe ya kasiksi kabla ya Misa, wakati ndizi zenyewe bado zinachemka ndani ya mtungi, hawakuamini hata herufi moja.

Bustani yake ilianzia mlangoni ikashuka hadi kijitoni. Huwezi kusema ilikuwa na mistari. Lengalenga, mchicha wa kwetu, lilikaa katikati ya mahindi, maharage yalipanda juu ya mahindi hayohayo, maboga yalitambaa chini yao wote kama watu wanaotafuta sindano. Kwenye unyevu aliweka mateke, yale magimbi meupe ambayo akina mama wa kwetu waliyaponda kwa maziwa. Asubuhi alizunguka akiokota konokono kwa mkono, mmoja mmoja, akiwasemesha kwa heshima.

"Mutoke hapa, bakubwa. Muende kwa padri. Kule njo kuko salade."

Wakati huo serikali ilituma monitor wa kilimo, kijana mmoja mwenye kaptula ya kaki na daftari, apite mashambani akigawa unga mweupe wa kuua wadudu. Kila mwenye kabichi alitakiwa aunyunyize. Papa Mupishi aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaufunga ndani ya kibuyu na kukitundika juu kabisa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Nikamwuliza, "Papa, mbona hauweki?"

"Mama Furaha, mududu akikula hii anakufa. Sasa mimi nikule nyuma yake. Mimi niko na nini kuzidi mududu?"

Akachekecha majivu ya jikoni, yale laini kabisa, akayanyunyiza. Monitor akarudi, akaona kabichi zimekuwa nyeupe, akaandika kwenye daftari lake kwamba huyu ndiye mkulima wa mfano. Alifurahi hata akamleta mkubwa wake, mzungu wa kilimo, kuja kuona. Mzungu aliinama, akapitisha kidole juu ya jani, akakinusa, halafu akamtazama Papa Mupishi kwa muda mrefu. Papa Mupishi naye akamtazama, uso mtulivu kama mtu anayepigwa picha.

"Hii ni majivu," mzungu akasema polepole.

"Iko dawa, bwana. Imetoka ku moto."

Mzungu akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Monitor alikuwa mbali akihesabu mashina. Basi akaomba kabichi mbili za bibi yake, na wakakubaliana, bila kusema neno, kwamba monitor asiambiwe.

Nisimfanye mtakatifu. Papa Mupishi alikuwa mwongo wa kipawa, na alisema uongo wake kwa sauti ileile ya sala. Alitukataza sukari, lakini asali ya msituni ikija kutoka kwao aliila kwa vidole hadi ndevu zake zikashikana na nyuki wakamfuata njiani. Alisema mkate wa kantini ni hewa iliyokaangwa. Hata hivyo kila Jumapili baada ya Misa alisimama upande wa nyuma wa tanuru, macho amefumba, akivuta harufu. Nilipomkuta alinijibu kwamba harufu haina ubaya, ubaya uko kwenye kutafuna. Na yeye aliyetufundisha kula kila kilichoota au kuzaliwa, kulikuwa na mnyama mmoja wa msitu ambaye hakumla wala kumtaja, kwa sababu ya mambo ya wazee wake. Alikuwa amebatizwa vizuri, alijua nyimbo zote za Kilatini, lakini mnyama yule akiletwa sokoni Papa Mupishi alibadilisha njia.

Kuhusu sahani alikuwa na sheria moja. Aliinama juu ya sahani ya mtu, hata ya mgeni, akaitazama.

"Nyeupe tupu," alisema. "Hii iko sahani ya mugonjwa. Weka majani. Weka maharagi. Sasa iko ya muntu."

Hiyo ndiyo elimu yote aliyokuwa nayo. Hakujua majina ya vitu vilivyomo ndani ya chakula, wala hakuyahitaji.

Sasa mpango wa mume wangu. Vita vya wazungu vilipokwisha, serikali ilianza kuwapa baadhi ya watu weusi karte. Karte hiyo ilisema kwamba mwenye nayo anaishi kama mtu aliyestaarabika. Ili uipate, walikuja nyumbani kwako kutazama: kitanda kiko? Meza iko? Uma na visu? Bibi anakaa mezani na bwana wake ama anakula jikoni? Mume wangu aliitaka karte ile kama mtu anavyotaka maji. Simlaumu. Alikuwa mtoto wa mtu aliyebeba mizigo ya wazungu kichwani, na aliapa watoto wake hawatabeba kitu isipokuwa daftari.

Kwa hiyo aling'oa lengalenga langu mbele ya nyumba, akapanda maua. Alinunua kabati la vioo, na ndani yake akapanga mikebe mitupu ya sardini, safu tatu, maandishi yakitazama mlango. Sombe ikahamishwa kutoka mezani. Asubuhi chai ya sukari na mkate mweupe, mchana mchele mweupe, jioni chai tena na mkate uliochovywa kwenye mafuta ya sardini ikiwa mkebe umefunguliwa. Sardini zenyewe alikula yeye, kwa uma, taratibu, dirisha likiwa wazi.

Furaha, binti yetu wa kwanza, alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa. Nilikuwa nimemwachisha ziwa kwa sababu nilikuwa na mimba ya pili. Akawa anakunywa chai na kula mkate kama baba yake, na baba yake alijivuna. Miezi ikapita. Mtoto akawa mkimya. Mashavu yalimjaa, watu wakanisifu: Mama Furaha, mutoto wako amenona. Nywele zake zilianza kuwa nyekundunyekundu, laini kama ndevu za mahindi. Nilidhani ni uzuri. Hakucheza, hakulia sana, alikaa pale nilipomweka. Nilidhani ni adabu.

Papa Mupishi aliingia kwa tundu la ua asubuhi moja, akitafuta kuku wake na akiwa na uongo mpya tayari mdomoni. Akamwona Furaha amekaa mlangoni. Aliinama, akaushika mguu wake, akabonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, akaachia. Shimo likabaki pale. Tulilitazama wote wawili, na halikujaa.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na mzaha.

"Mama Furaha, hii haiko mafuta. Iko mayi."

"Mayi ya nini, Papa?"

"Anakula nini?"

"Chayi na mukate."

"Na nini tena?"

"Na mupunga."

"Na nini tena?"

Nikatafuta kichwani. Sikupata kitu kingine.

Hapo akataja jina la ugonjwa: bwaki. Nikamwomba ashushe sauti. Bwaki ulikuwa ugonjwa wa nyumba zisizo na kitu, nyumba za watu waliokimbia njaa. Nyumba yetu ilikuwa na kabati la vioo. Niliona aibu kwanza, na hofu ikaja nyuma yake, na mpaka leo nasikitika kwamba zilikuja kwa mpangilio huo.

Tulikwenda dispensaire asubuhi ileile, yeye akimbeba Furaha ndani ya koti lake la vifungo vya shaba. Infirmier, yaani muuguzi, alibonyeza mguu mahali palepale. Akatoa dawa ya minyoo, akasema mtoto apewe maziwa, maharage yaliyopondwa, majani, samaki kidogo, kidogokidogo mara nyingi kwa siku, na chai tumwachie baba yake. Kisha akaniangalia. "Ukichelewa tena mwezi mumoja, Mama, hautakuya na mutoto hapa."

Njiani kurudi nililia. Nikamwambia Papa Mupishi kwamba mume wangu hatakubali. Kamisheni ya karte ingekuja wakati wowote, na yeye alikwisha kusema kwamba chakula cha kishenzi hakitavuka kizingiti chake. Nikimwambia bwaki, atasema infirmier amekosea, kwa sababu bwaki na kabati haviwezi kukaa nyumba moja.

Papa Mupishi alitangulia hatua chache. Halafu nikaona bega lake linatikisika. Alikuwa anacheka.

"Usimuambie kitu. Uniletee mikebe."

"Mikebe gani?"

"Ile mitupu ya kabati. Ya nyuma. Ya mbele uache."

Jioni hiyo alikuja kwetu kwa mlango wa mbele, kofia mkononi, akamsalimu mume wangu kwa Kifaransa. Akamweleza kwamba bibi wa yule mzungu wake wa zamani bado anamkumbuka, na humtumia mikebe kupitia mpishi mwenzake. "Lakini weye unajua mimi sikulake hii bintu, Karani. Nilikuwa naitupa. Sasa nafikiri, mbona nisimupe Furaha?"

Mume wangu alisimama akampa mkono. Alisema siku zote alijua kwamba chini ya matope yale Papa Mupishi ni mtu aliyestaarabika.

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi tundu la ua lilipitisha mikebe miwili. Ndani mlikuwa na maharage yaliyopondwa na karanga na lengalenga, siku nyingine viazi vitamu na samaki mkavu wa msituni aliyesagwa hadi akawa unga. Kifuniko kilirudishwa na kupigwa kwa jiwe mpaka kikakaa. Maziwa nilimpa kwenye kikombe cha chai, na baba yake akipita aliona kikombe cha chai. Mezani aliona mkebe. Aliridhika.

Dalili ya kwanza kwamba Furaha anapona ilikuwa hasira. Siku ya kumi hivi nilimnyang'anya kijiko, akanipiga nacho usoni. Nilikimbia hadi kwenye ua nikimwita Papa Mupishi kwa sauti, damu ikinitoka puani, nikicheka. Alifika akaangalia pua yangu, akaangalia mtoto aliyekuwa anapiga miguu sakafuni.

"Muzuri," akasema. "Amerudi."

Miguu ikakauka. Mashavu yale ya maji yakaondoka na yakaja mengine. Nywele mpya zikatoka nyeusi chini ya zile nyekundu.

Hatari ilikuja mchana mmoja mume wangu aliporudi kabla ya saa. Furaha alikuwa ameacha mkebe nusu. Baba yake alikaa, akachukua kijiko, akaonja. Mimi nilishika ukingo wa meza. Akaonja tena. Akala hadi akaanza kukwangua pembeni.

"Hii sardini iko ya wapi?"

"Sijui kusoma," nikajibu, na hiyo angalau ilikuwa kweli.

Akageuza mkebe, akasoma maandishi. "Portugal," akasema, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la swali la siku nyingi. "Njo maana. Ile ya kantini iko ya uongo."

Jioni akamwomba Papa Mupishi, kwa unyenyekevu mkubwa, kama yule bibi mwenye roho nzuri hangeweza kuongeza mkebe mmoja wa mtu mzima. Papa Mupishi akasema ataandika barua. Naye hakujua kuandika.

Miezi ikapita hivyo. Nilizaa mtoto wa kiume, Furaha akawa msemaji wa nyumba, na ndipo habari ikaja kwamba kamisheni inafika Alhamisi. Bwana mmoja kutoka poste ya serikali pamoja na mwandishi wake. Mume wangu hakulala. Akamwendea Papa Mupishi amsaidie: apike chakula cha kizungu, kamili, kama zamani. Papa Mupishi alikubali upesi mno. Ningekuwa mume wangu, ningeogopa.

Alhamisi tulikaa mezani, mimi na gauni lililonibana, uma upande wa kushoto. Yule bwana alikuwa mnene kidogo, mwenye miwani na jasho, mtu aliyekwisha kula kwenye nyumba nyingi za makarani. Niliona alivyotazama kabati la mikebe na kushusha pumzi. Papa Mupishi akaingia na koti lake jeupe, limefuliwa, vifungo vimesuguliwa. Akaweka bakuli na kutangaza, "Potage!" Lilikuwa boga. Akaleta jingine: "Purée!" Mateke na maziwa. "Épinards!" Lengalenga na karanga. Mwisho akaleta kuku na uyoga, amevifunga kwenye jani la ndizi, akalifungua mbele ya mgeni huku mvuke ukipanda: "Papillote!" Mume wangu alitabasamu kwa kila jina. Nusu ya vitu vile alikuwa amevila utotoni kwa mama yake, lakini kwa Kifaransa hakuvitambua.

Mzungu alikula. Aliongeza épinards mara mbili. Akafungua kifungo kimoja cha koti. Halafu akamwangalia Furaha, akasema kwa Kiswahili chake cha poste kwamba katika milima hii ameona watoto wengi wenye miguu ya kuvimba, hata katika nyumba za makarani, lakini huyu ana afya sana. Anakula nini?

Mume wangu akasimama, kana kwamba anaitwa shuleni. "Bwana, mutoto wangu anakulaka ya mukebe tu."

"Ya mukebe ya Papa Mupishi!" Furaha akadakia. "Ndani iko maharagi na lengalenga. Mama anatoka nayo ku tundu. Papa Mupishi anafunga na jiwe. Paa! Paa!" Akaonyesha kwa ngumi mezani, visahani vikaruka.

Mwandishi aliacha kuandika. Mzungu akamtazama mume wangu, akanitazama mimi, akaomba mkebe uletwe. Nikauleta, nifanye nini? Akaung'oa kifuniko, akaonja kwa ncha ya kijiko. Akavua miwani. Alicheka hadi akaweka paji la uso juu ya kitambaa cha meza, na Papa Mupishi, mlangoni, alikuwa amesimama wima na uso wa kupigwa picha.

Karte haikuja. Ilikuja barua fupi ya kusema tusubiri, na hatukuambiwa sababu. Mume wangu alisema sababu ni mimi na maharage yangu. Alisema alikuwa amedanganywa katika nyumba yake mwenyewe na watu watatu aliowaamini, na mmoja wao hana hata miaka minne. Nilimweleza mwisho juu ya mguu wa Furaha, shimo lile, maneno ya infirmier. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo. Kesho yake aliziba tundu la ua kwa mikono yake, na Papa Mupishi akakatazwa kukanyaga kwetu.

Sikujua kuhusu tumbo la mume wangu. Kumbe mikebe ya mtu mzima ilipokoma na yeye akarudi kwenye mkate na sardini za kweli, tumbo lilifunga kama mlango wa kantini. Hakuniambia. Nilichoona ni kwamba alianza kusema hana njaa mchana, kwamba kazi ni nyingi, kwamba atakula ofisini.

Siku moja nilizunguka kwa njia ya kijitoni ili nimpelekee mke wa Papa Mupishi kibuyu chake. Nikafika nyuma ya jiko lao. Nje ya mlango kulikuwa na viatu viwili vyeusi vimepangwa vizuri, vinang'aa. Ndani nikasikia sauti ya mume wangu, mdomo umejaa: "Papa, ongeza kidogo ile ya chini, yenye iko na mawese."

Nikaweka kibuyu chini na kurudi nyumanyuma kama mwizi.

Asubuhi iliyofuata Papa Mupishi alinikuta kisimani. "Mama Furaha, jana uliona kitu kwangu?"

"Sikuona kitu, Papa."

"Muzuri. Mimi pia sikuona."

Tulikaa hivyo karibu miezi miwili, kila mtu akimfichia mwenzake. Jumamosi moja nilisikia jembe mbele ya nyumba. Mume wangu alikuwa anang'oa maua. Alinyoosha mgongo, hakunitazama, akauliza kama bado nina mbegu za lengalenga ama nimezitupa. Nikamwambia ninazo. Akasema, kwa sauti ya chini sana, "Ule muguu ya mutoto, niliuona. Nilifikiri ni kunona. Mimi pia nilikuwa najisifu." Akaendelea kulima. Tundu la ua alilifungua mwenyewe jioni ile, na akalipanua kidogo ili apite bila kuinama.

Miaka ilikwenda. Papa Mupishi na mke wake walirudi upande wa kwao, na baadaye mume wangu naye akahamishiwa Walikale. Furaha alipopata nafasi ya shule kwa masista wa Bukavu, nilimsindikiza mimi, juu ya lori lililobeba mawese. Tulifika Hombo karibu na adhuhuri, na dereva, mtu wa haraka aliyekuwa ametutukana tangu asubuhi, akapiga kelele: dakika kumi, atakayechelewa atatembea!

Kando ya barabara, mbele ya nyumba ndogo, mzee alikuwa anakoroga sufuria kubwa. Nilimjua kwa namna alivyoinamisha kichwa kusikiliza chakula kikichemka. Amekonda, mkono mmoja unatetemeka. Nilipomwita, alinitazama, akamtazama msichana mrefu aliyekuwa kando yangu, na hakuuliza ni nani.

"Munasafiri na njaa?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Mkewe alikwenda kwenye matanga, akatueleza, anarudi kesho. Akatupakulia makemba, zile ndizi za kupika, na maharage, uyoga na samaki wa moshi, kila mtu kwenye jani. Dereva alikuja kutufokea. Papa Mupishi akampa jani lake bila kumjibu. Dereva akaonja akiwa amesimama. Akaonja akiwa amechuchumaa. Akakaa. Abiria waliobaki juu walianza kupiga mabati wakiuliza kuna nini, na mmoja akashuka kuangalia, na wa pili akamfuata yule, mpaka lori likabaki na mapipa peke yake. Mzee alipakua hadi mwiko ukakwangua chini.

Tulipanda. Dereva akawasha injini. Hapo Furaha akachungulia chini.

"Papa, na weye umekula?"

"Nimekula, nimekula. Muende!"

Furaha aliangalia sufuria, akaangalia vidole vya mzee vilivyokuwa vikavu kabisa. Kabla sijamshika gauni alikwisha kuruka chini. Aliingia jikoni, akatoka na mkungu wa ndizi na kisu, akaketi kwenye kigogo, akaanza kumenya. Masista walikuwa wameandika siku ya kufika na kuipigia mstari. Dereva alipiga honi mara moja. Akatazama jani lake, lililokuwa bado juu ya usukani, limelambwa safi. Akazima injini.

Na katika ukimya ule tulimsikia Papa Mupishi, sauti yake yote ya zamani ikiwa imerudi, akimfokea binti yangu: "Weye mutoto! Kwa masista njo watakufundisha nini? Unatupa nusu ya ndizi pamoja na ganda!"

Tulichelewa kufika Bukavu kwa siku nzima. Sista mkubwa alimwuliza Furaha mbele yangu sababu ya kuchelewa, akiwa ameshika kalamu tayari kuandika. Nilikuwa nimetengeneza habari ya tairi lililopasuka. Furaha akanitangulia.

"Nilikuwa namenya ndizi, ma soeur."